Miezi Sita na Muhogo

Katika mji wa Kamituga, wilaya ya Mwenga, mashariki ya Kongo, wapo wanawake ambao riziki yao ni kuponda mawe. Mawe hayo hutoka mashimoni yakiwa na chembe za dhahabu zisizoonekana kwa macho. Mwanamke huyatia katika kinu cha chuma, akayapiga kwa mchi wa chuma mpaka yakawa unga, na vumbi lake likampaka weupe nywele na kope. Wanawake hawa huitwa mama twangaise. Neno hili lina cha kumfunza mpenda lugha, kwani kichwa chake ni kitenzi cha Kiswahili, kutwanga, na mkia wake ni wa Kifaransa. Wako wanaoucheka mchanganyiko huo. Ingekuwa heri wausikilize. Aliyelibuni neno hakutafuta kitenzi kigeni kwa kazi ngeni. Alichukua kile kile cha mpunga na cha muhogo mkavu, kwa sababu mikono iliyoshika mchi wa jikoni alfajiri ndiyo iliyoshika mchi wa machimboni mchana, na kazi zote mbili zilielekea chungu kimoja.

Hilo ndilo lililosahauliwa kila mara ilipoandikwa amri ya kuzuia uchimbaji wa mikono. Mwenye kuandika amri huona shimo. Humwona mwanamume aliyefunga tochi kichwani, na mwenye bunduki anayemtoza ushuru, na gunia, na lori, na mpaka wa nchi. Nyuma ya shimo macho yake hayafiki. Na huko nyuma ndiko iliko nyumba, ambayo ina hesabu zake, ina majira yake, na haina mwakilishi katika mkutano wa wizara.

Mwezi wa Septemba 2010 Rais Joseph Kabila aliamuru uchimbaji wote wa mikono usimame katika majimbo matatu ya mashariki: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Amri ilidumu mpaka Machi 2011. Ilikuwa miezi 6. Katika maisha ya dola miezi 6 si kitu. Ni muda wa kuunda tume na kuipokea taarifa yake. Katika maisha ya nyumba zilizotegemea machimbo muda ule ulikuwa na uzito mwingine kabisa, na uzito huo ndio unaostahili kupimwa hapa.

Haki isemwe kwanza kwamba amri haikutoka hewani wala haikutoka katika ubaya wa nia. Mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti mwaka ule ule, watu wenye silaha waliviingia vijiji kadhaa vya Walikale, pande za Luvungi, wakanajisi watu zaidi ya 300 katika muda wa siku chache. Mmoja wa wakuu wa makundi yaliyofanya unyama huo, Ntabo Ntaberi Sheka, aliwahi kuwa mtu wa biashara ya madini kabla hajawa mtu wa bunduki. Mahakama ya kijeshi ya Kongo ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2020. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamekwisha andika jinsi makundi ya waasi, na maofisa wa jeshi la taifa pia, walivyojitajirisha kwa bati na koltani. Serikali ilisema yataka kuikata mizizi ya mitandao hiyo ya wahalifu. Nani angeweza kuona ubaya wa neno hilo? Aliyekuwa na moyo, na alisikia habari za Luvungi, alitaka kitu kifanywe, na kifanywe upesi.

Lakini upesi wa amri na polepole ya muhogo ni mambo mawili yasiyofahamiana. Ili jambo hili lieleweke, sharti ijulikane jinsi jembe na sururu zilivyokuja kukaa katika nyumba moja.

Zama za ukoloni dhahabu ya Kamituga ilichimbwa na kampuni ya Kibelgiji, nayo ilimpa mfanyakazi mshahara, posho na nyumba. Mwaka 1976 makampuni ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa yakawa moja, lililoitwa Sominki. Mwaka 1982 serikali ya Mobutu iliwaruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu kwa mikono yao wenyewe. Na mwaka 1985 bei ya bati ilipoanguka duniani, Sominki ilianza kupungukiwa pumzi, ikafa kabisa katika miaka ya 1990. Waliofukuzwa kazi hawakuwa na pa kwenda ila mashimoni, wakayarudia yale yale waliyoyachimba kwa mshahara, safari hii bila mshahara. Kisha vita vikaja, mwaka 1996 na tena mwaka 1998. Ng'ombe wakachukuliwa, mbuzi wakachukuliwa, mbegu zikaliwa na majeshi. Batobato ya muhogo ikayashambulia mashamba, na tangu mwanzo wa karne hii mnyauko wa migomba ukaingia Masisi na kutambaa kusini. Mkulima wa Kivu aliyeshika sururu hakulitupa jembe kwa tamaa ya dhahabu, kama isemwavyo na watu wanaokula mara tatu kwa siku. Jembe lilikuwa limemwangusha, naye alitafuta mkono wa pili wa kulisaidia. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2008 kwamba watu milioni 8 mpaka 10 katika Kongo waliishi kwa uchimbaji wa mikono, wakihesabiwa wachimbaji na wanaowategemea. Kadirio hilo lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu miaka 2 kabla ya amri.

Na ifikiriwe nyumba moja, isiyo ya mtu fulani bali mfano wa nyingi. Baba huchimba; mama hutwanga mawe siku tatu za juma, na siku nyingine hulima kishamba cha muhogo na maharagwe kilimani; nyanya huwatunza wadogo; watoto wanne huenda shule. Fedha za shimo hazitoshi kuwalisha mwaka mzima, na mazao ya shamba hayatoshi. Kila upande huziba pengo la mwenziwe. Fedha za shimo hununua jembe jipya, chumvi, sabuni, mafuta ya mawese, dawa ya malaria na mbegu; shamba huleta bugali na sombe siku ambazo jiwe halitoi kitu, na siku hizo ni nyingi. Nyumba hii si ya wachimbaji na si ya wakulima. Ni nyumba yenye miguu miwili, nayo ilikatwa mmoja ikaambiwa isimame.

Septemba ndio mwezi ambao shule za Kongo hufungua mwaka wa masomo. Kabla ya mwaka 2019, serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo, wazazi walilipa ada, ambayo huko huitwa minervali, na juu yake walichanga fedha za kuwalipa walimu, kwa kuwa mshahara wa serikali ama ulikuwa mdogo ama haukufika. Baba aliyekuwa ameweka nia ya kulipa kwa jiwe la mwezi ule alijikuta hana jiwe. Basi mtoto akarudishwa nyumbani. Jambo la pili halikutazamwa sana, nalo ni kwamba mwalimu pia alipungukiwa. Mchango wa wazazi ndio uliokuwa chungu chake. Amri iliyomzuia mchimbaji ilimfikia mwalimu ambaye hajapata kushika sururu maishani mwake, na ikamfikia muuza daftari, na fundi cherehani anayeshona sare. Mtoto aliyerudishwa Septemba hakungojewa na darasa mpaka Machi. Alipoteza mwaka, na kwa msichana wa miaka 13 au 14 mwaka uliopotea mara nyingi huwa ndio mwisho wa shule.

Wako waliosema, na usemi wao una sura ya hekima, kwamba wachimbaji warudi mashambani. Ardhi ya Kivu ina rutuba. Mvua ni nyingi. Kwa nini mtu ateseke chini ya ardhi na huku juu ya ardhi kuna neema? Usemi huu wataka kujibiwa kwa utulivu, kwani nusu yake ni kweli. Septemba ni mwezi wa kupanda. Mwenye shamba na mbegu aliyepanda maharagwe mwezi ule aliyavuna kwenye Desemba au Januari, na bila shaka nyumba za namna hiyo zilipona. Lakini maharagwe yataka mbegu, na mbegu zilinunuliwa kwa fedha za shimo. Yataka ardhi, na mchimbaji wengi wao ni mgeni aliyekimbia kwao kwa vita, asiye na haki ya ardhi mahali alipo. Na tena mtu hali maharagwe matupu. Chakula cha msingi ni muhogo. Muhogo huchukua miezi 9 kwa uchache, na katika nyanda za juu mwaka na zaidi. Mtu aliyeisikia amri ya Septemba, akaitii siku ile ile, akaazima panga na kupanda vikonyo vya muhogo jioni yake, asingeuchimba mpaka miezi mitatu baada ya amri kufutwa. Raia mtiifu kuliko wote hakupewa njia ya kutii akashiba.

Kwa nini haikutangazwa mapema? Kwa nini haikusemwa mwezi wa Machi kwamba Septemba ya mwaka utakaofuata machimbo yatafungwa, mbegu zikagawiwa kati ya tarehe hizo mbili? Jibu la dola ni kwamba wahalifu wangepata nafasi ya kujitayarisha. Ni jibu zuri, lenye kasoro moja, kwamba wahalifu ndio peke yao waliokuwa na akiba.

Hali ya Walikale ilikuwa na namna yake ya pekee. Machimbo makubwa ya bati ya Bisie yalikuwa ndani ya msitu, mwendo wa miguu wa siku mbili hivi kutoka barabarani, na wapagazi walibeba mizigo ya kilo 50 mgongoni kwa njia za tope. Bati likifika barabarani lilichukuliwa mpaka Kilambo, mahali ambapo kipande cha barabara ya lami kiligeuzwa kiwanja cha ndege. Ndege ndogo zilitua hapo kutoka Goma zikachukua bati. Sasa ndege haiji tupu. Zilikuja na mchele, chumvi, sabuni, dawa, nguo, bia, misumari na chochote kinachohitajiwa na wilaya ambayo barabara zake zilikwisha liwa na msitu. Bati ndilo lililolipa nauli ya chumvi. Uchimbaji ulipokatazwa ndege zilipungua, na bidhaa zikawa chache na ghali hata kwa mkulima aliye mbali na Bisie, asiyemjua mchimbaji hata mmoja. Mama wa Walikale aliyekwenda sokoni kutafuta chumvi hakuwa na habari ya siasa ya madini. Aliona tu kwamba kipimo kimepungua na bei imepanda.

Kisha kuna madeni, na hapa ndipo penye siri kubwa ya uchimbaji wa mikono, siri isiyoandikwa katika leseni yoyote. Biashara yote husimama juu ya mkopo. Tajiri wa Bukavu au Goma humpa fedha mchuuzi. Mchuuzi humkopesha mwenye shimo, ambaye huko kwa utani na kwa heshima pia huitwa PDG, yaani mkurugenzi mkuu wa kampuni. Mwenye shimo huwalisha wachimbaji miezi kadhaa kabla jiwe zuri halijaonekana. Na mke wa mchimbaji huchukua unga dukani kwa daftari. Ni mnyororo mmoja mrefu wa kuaminiana, kutoka benki mpaka jiko. Amri ya Septemba ilisimamisha kazi, wala haikusimamisha deni hata moja. Tajiri alimdai mchuuzi, mchuuzi akamdai PDG, na dai likateremka ngazi kwa ngazi mpaka likamfikia asiye na wa kumteremshia. Mwenye duka akalifunga daftari. Huyu asilaumiwe, kwa maana naye alidaiwa na wa juu yake. Nyumba zikaanza kuuza: kwanza redio, kisha mabati ya paa, kisha mbuzi, na mwisho shamba lenyewe, au muhogo mchanga ungali ardhini. Ilipofika Machi na ruhusa ikarudi, mchimbaji aliyeingia tena shimoni hakuingia kwa faida yake. Miezi yake ya kwanza ilikwisha nunuliwa na waliomdai.

Limebaki jambo la uzazi, ambalo ni zito kuliko yote. Mimba pia ina miezi yake 9, na haihesabu kwa kalenda ya wizara. Katika zahanati na hospitali nyingi za Kongo ya miaka ile mzazi alilipa kabla au baada ya kujifungua, na aliyeshindwa kulipa alizuiwa pale pale na mtoto wake mpaka jamaa wachange. Mwanamke aliyejua hivyo na hana fedha alibaki nyumbani, akajifungulia juu ya mkeka. Watafiti watatu, Parker, Foltz na Elsea, walichapisha mwaka 2016 uchunguzi uliolinganisha vijiji vilivyo karibu na machimbo yaliyolengwa na vijiji vingine, kabla na baada ya vizuizi vya mwaka 2010. Walikuta kwamba uwezekano wa mtoto mchanga kufa katika vijiji vile uliongezeka kwa kiasi kisichopungua asilimia 143, na waliona dalili kwamba sababu ni mama kukosa huduma na vitu vya afya ya mtoto. Hesabu za namna hii ni makadirio, na wataalamu wana haki ya kubishana juu ya ukubwa wake. Lakini mwelekeo wake haupingani na akili. Ukiondoa fedha jikoni, anayeziona zimeondoka mapema kuliko wote ni yule asiyeweza kula kitu kingine ila maziwa ya mama yake.

Uchunguzi ule ulihusu hasa sheria ya Marekani, na hapana budi sheria hiyo itajwe, kwani ndiyo iliyoifanya miezi 6 iwe miaka. Mwezi wa Julai 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria kubwa ya mambo ya fedha, iitwayo Dodd-Frank, ambayo ndani yake kuna kifungu cha 1502. Kifungu hicho hakikukataza mtu kununua madini ya Kongo. Kiliyataka makampuni yaliyo katika masoko ya hisa ya Marekani yaeleze kama bati, tantali, volframu na dhahabu yao vimetoka Kongo au nchi zinazopakana nayo, na Tanzania ni mojawapo. Ni swali tu, mtu atasema. Na swali halimui mtu. Lakini tajiri aulizwaye swali gumu juu ya duka moja huenda duka la pili. Kiwanda kikubwa cha kuyeyusha bati cha Malaysia, kilichokuwa mnunuzi mkuu wa bati la Kivu, kiliacha mwezi wa Aprili 2011 kununua mzigo usio na hati ya kuonyesha ulikotoka. Rais wa Kongo alikuwa ameufungua mlango mwezi wa Machi. Mwezi uliofuata soko likaufunga kwa nje.

Hati zilikuja baadaye, kidogo kidogo. Katika machimbo ya Kalimbi, karibu na Nyabibwe, magunia yalianza kufungwa lebo zenye namba mwezi wa Oktoba 2012. Machimbo yaliyokaguliwa yalipewa rangi kama taa za barabarani: kijani kwa mema, njano kwa ya kungojea, nyekundu kwa maovu. Ni mpango wenye akili, na palipo na lebo bei ilirudi kupata uhai. Ila gharama ya lebo, kama maji, ilifuata mteremko mpaka ikatua katika bei ya mchimbaji. Na penye kijiji kisicho na bahati ya kukaguliwa watu walingoja mwaka, miaka miwili, mingine zaidi.

Mojawapo ya masharti ya rangi ya kijani, yaliyowekwa mwaka 2012, lilikuwa kwamba mwanamke mwenye mimba asionekane machimboni. Sharti hili likisomwa katika ukumbi wenye viti vya kuegemea hupigiwa makofi. Nani atakaye mwenye mimba avute vumbi la mawe? Lakini mwanamke yule hakufuata vumbi. Alifuata fedha za kujifungulia. Aliondolewa kazini katika miezi ile ile ambayo kazi ilihitajiwa kuliko mingine, wala hakupewa kitu badala yake. Na palipo na wakubwa waliotaka kujiepusha na udhia wa kutazama nani ana mimba na nani hana, njia rahisi ilikuwa kuwafukuza wanawake wote. Mama twangaise, mchuuzi wa sombe na ndizi, mbeba maji, wote walitolewa kwa jina la kulindwa. Ulinzi unaomwacha mtu na njaa ungehitaji jina jingine, na Kiswahili hakikosi majina.

Kwa upande wa wenye bunduki, ambao kwa ajili yao mambo haya yote yalianzishwa, matokeo hayakuwa ya kufurahisha. Uchimbaji haukukoma kabisa katika miezi ile 6. Ulihamia usiku, na usiku una ushuru mkubwa kuliko mchana. Taarifa za wakati ule zilieleza juu ya wanajeshi waliotumwa kusimamia amri, nao wakawa ndio walinzi wa mlango wa biashara waliyoizuia. Dhahabu, ambayo utajiri wa mwaka hukaa katika kiganja, ilivuka mipaka ya Uganda na Burundi kwa wepesi kuliko bati. Parker na mtafiti mwingine, Vadheim, waliandika mwaka 2017 kwamba baada ya vizuizi uporaji wa raia uliongezeka: kundi lililozoea kula ushuru wa mgodi, mgodi ulipokauka, liliwageukia wanavijiji na mbuzi wao. Jambo hili halikuhitaji chuo kikuu kulibashiri. Bibi yeyote wa Shabunda angeweza kulieleza, kama angeulizwa.

Haifai kuyasema haya kana kwamba machimbo ni bustani. Tarehe 11 Septemba 2020, baada ya mvua kubwa, mashimo ya Kamituga yaliporomoka yakafunika watu wapatao 50, wengi wao vijana. Zebaki hushikwa kwa mikono mitupu. Watoto huonekana mahali ambapo hawapaswi kuonekana. Fedha za mwanamume nyingine huishia katika bia kabla hazijafika nyumbani, na wake zao ndio wa kwanza kulisema. Hapana aijuaye kazi hiyo kwa karibu atakayemtakia mwanawe. Lakini anayetaja bia ya baba ili kuitetea amri na atazame amri ilimpiga nani. Baba mwenye nguvu alihama, akaenda Katanga ambako katazo halikufika, au aliingia usiku kwa kumhonga askari. Mama mwenye watoto wanne na nyanya hawezi kuhama wala hawezi kuhonga. Fedha zake za kutwanga, ambazo zilikwenda moja kwa moja chunguni, ndizo zilizokauka siku ya kwanza.

Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2002 ilikuwa na mlango wa njia nyingine: iliamuru patengwe maeneo ya wachimbaji wa mikono na kila mchimbaji apewe kadi yake. Maeneo yaliyotengwa yalikuwa machache, mengine mbali na madini yenyewe, na ardhi bora ilikwisha gawiwa kwa makampuni. Sheria ya mwaka 2018 ikataka wachimbaji wajiunge katika vyama vya ushirika, jambo jema. Na vingi vya vyama hivyo vikawa vyama vya wakubwa wenye mihuri, wachimbaji wakiwa wanachama kwa namna ambayo samaki ni mwanachama wa wavu. Hata Bisie, ambako maelfu walichimba kwa mikono, leo ni mgodi wa kampuni yenye mitambo, ulioanza kutoa bati mwaka 2019. Huwalipa mshahara wale inaowaajiri, na idadi yao ni ndogo mbele ya waliokuwapo.

Juu ya hayo yote ipo tabia ya amri kuzaa amri. Mwezi wa Julai 2024 gavana wa Kivu ya Kusini alisimamisha shughuli za uchimbaji katika jimbo lake. Mwezi wa Februari 2025, baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma, na wakati wanaingia Bukavu, serikali ya Kinshasa iliyatangaza machimbo ya Masisi na ya Kalehe kuwa mekundu, na biashara ya mawe yake kuwa haramu. Sababu ilikuwa na nguvu kuliko ya mwaka 2010, kwani waasi walikuwa wakitoza ushuru wa koltani ya Rubaya waziwazi tangu mwaka 2024. Nyabibwe, mji wa lebo za kwanza, umo katika Kalehe. Waliokuwa wamefanya kila walichoagizwa tangu Oktoba 2012, wakahesabu magunia, wakafunga namba, wakawaondoa watoto mashimoni, waliamka wakiwa katika rangi moja na wasiofanya lolote.

Muda uliowekwa ulikuwa miezi 6. Februari ni mwezi ambao mvua za pili huanza katika vilima vya Kalehe na wakulima hupanda. Muhogo uliotiwa ardhini mwezi ule, kama haukung'olewa mchanga na askari wa upande wowote, ulikuwa bado unahitaji miezi mitatu, na katika miinuko minne au mitano zaidi, siku muda huo ulipomalizika.